Mhadhiri Anayerudi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, muuguzi wa kliniki ya wajawazito jijini Nairobi alikuwa na swali asiloweza kulijibu. Mama aliyekutwa na VVU alipouliza kama amnyonyeshe mwanawe, kila jibu lilikuwa na hatari yake. Ilikwishajulikana kwamba virusi hupita kwenye maziwa ya mama, lakini haikujulikana kwa uhakika ni watoto wangapi kati ya mia huambukizwa kwa njia hiyo. Maziwa ya kopo nayo yalidai fedha, maji salama, moto wa kuchemshia na vyombo safi, na mtoto asiyenyonya angeweza kuuawa na kuhara. Dawa za kumkinga mtoto zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Kina mama walishauriwa kwa kukisia.

Mwishoni mwa mwaka 1992 timu ya watafiti wa Nairobi na Seattle ilianza kulitafuta jibu. Kina mama 425 wenye VVU walikubali kushiriki na kugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: moja likanyonyesha, jingine likapewa maziwa ya kopo na mafunzo ya kuyaandaa kwa usalama. Watoto wakafuatiliwa hadi umri wa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2000. Kati ya watoto waliopangiwa kunyonya, asilimia 36.7 walikuwa wameambukizwa kufikia miezi 24. Kati ya waliopangiwa maziwa ya kopo, asilimia 20.5. Vifo katika makundi hayo mawili havikupishana sana: asilimia 24.4 na asilimia 20. Kwa mara ya kwanza wapangaji wa sera walikuwa na tarakimu mkononi, iliyopatikana kwa kipimo cha hali ya juu kabisa, katika mji wa Kiafrika, miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiishi na swali lenyewe.

Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi wa ripoti hiyo ni la Ruth Nduati, daktari wa watoto na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alisomea epidemiolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kupitia programu ya mafunzo ya utafiti wa UKIMWI iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Mwenzake Dorothy Mbori-Ngacha, naye daktari wa watoto wa Nairobi na mwandishi mwenza wa ripoti hiyo, alipita njia hiyohiyo. Swali lao lilizaliwa wodini kwao. Seattle waliongezewa zana: namna ya kukadiria idadi ya washiriki, kupanga jaribio ili upendeleo usipenye, na kuchambua takwimu za watoto ambao baadhi yao hupotea katikati ya ufuatiliaji. Kisha zana hizo zikafanya kazi Nairobi.

Ufadhili wa utafiti wa kimataifa kwa wahadhiri wachanga wa afya ya jamii hutazamwa mara nyingi kama zawadi ya mtu mmoja: tiketi ya ndege, cheti, jina refu zaidi kwenye mlango wa ofisi. Rekodi ya zaidi ya miaka mia moja inaonyesha jambo jingine. Fedha hizi zimezaa matunda pale ambapo mambo matatu yalikutana: swali lililotoka nyumbani, mafunzo yaliyomfaa mwenye swali, na chuo kilichokuwa tayari kumpokea aliporudi, akiwa na muda na mahali pa kufanyia kazi. Pale jambo moja lilipokosekana, hasa la tatu, fedha zilitoka na kilichobaki nyumbani kilikuwa haba.

Fundi mwashi wa Rhode Island

Wa kwanza kuyatengeneza mambo haya kwa upana ulikuwa Mfuko wa Rockefeller. Mwaka 1916 fedha zake zilianzisha shule ya usafi na afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Katika miaka ya 1920 mfuko huo ukatoa dola milioni 2 kwa London School of Hygiene & Tropical Medicine, ambayo jengo lake la Keppel Street lilifunguliwa mwaka 1929. Sambamba na majengo, mfuko ulilipia madaktari na maofisa wa afya kutoka nchi nyingi waende kusoma katika vyuo hivyo. Kabla ya kumlipia mtu, ulitaka kuhakikishiwa kwamba kuna kazi inayomsubiri kwao. Kwa hiyo sharti la kurudi lina umri sawa na ufadhili wenyewe.

Makoloni ya Afrika Mashariki hayakufaidi sana mpango huo. Waafrika wa kanda hii waliosomeshwa udaktari enzi za ukoloni walipewa nafasi ya wasaidizi, na utafiti ulibaki kwa maofisa waliotoka Ulaya. Mlango ulianza kufunguka baada ya mwaka 1959, nchi za Jumuiya ya Madola zilipoanzisha mpango wao wa ufadhili wa masomo, na ukafunguka zaidi uhuru ulipokuja na vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vikahitaji walimu wao wenyewe.

Huko Marekani, mtu aliyeacha alama kubwa katika uwanja huu hakuwa daktari wala mwanasayansi. John Fogarty alikuwa fundi mwashi wa jimbo la Rhode Island na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa ujenzi kabla ya kuchaguliwa katika Bunge la Marekani mwaka 1940. Kwa miaka mingi aliongoza kamati ndogo iliyogawa fedha za afya, na akaitumia nafasi hiyo kukuza taasisi za taifa za utafiti wa afya zilizoko Bethesda, Maryland. Alitaka pawe na kituo cha kuwaunganisha watafiti wa mataifa mbalimbali. Alifariki Januari 1967; mwaka uliofuata kituo kilianzishwa kikiwa na jina lake, Fogarty International Center.

UKIMWI ndio uliokifanya kituo hicho kijulikane Afrika. Mwaka 1988 Fogarty ilianzisha programu ya kimataifa ya mafunzo na utafiti wa UKIMWI, na vyuo vya Marekani vyenye washirika katika nchi zilizoathirika vikapewa fedha za kuwafundisha watafiti wa nchi hizo. Nairobi na Seattle walishikana mkono kwa njia hiyo. Chuo cha Muhimbili cha Dar es Salaam kilishirikiana na Harvard, Makerere na Case Western Reserve ya Cleveland, na vyuo vya kusini mwa Afrika vikashirikiana na Columbia ya New York. Kati ya walioendesha ushirikiano huo wa mwisho ni Quarraisha Abdool Karim, Mwafrika Kusini aliyesoma Columbia miaka ya 1980 kisha akarudi Durban. Julai 2010 yeye na mumewe Salim walitangaza huko Vienna matokeo ya jaribio la jeli ya tenofovir, lililoonyesha kwamba dawa ya kufubaza virusi ingeweza kupunguza maambukizi kwa wanawake kwa asilimia 39. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuthibitisha ufanisi wa jeli hiyo, kwa sababu wanawake wengi hawakuweza kuitumia kila ilipotakiwa. Lakini wazo la kumkinga mtu asiyeambukizwa kwa dawa za VVU limeendelea, kwa vidonge na sasa kwa sindano.

Kutoka Basel hadi Bonde la Kilombero

Ifakara si chuo kikuu, lakini kisa chake kinafundisha kuliko vingi. Mwaka 1957 taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto, yenye makao yake Basel, ilijenga maabara ndogo katika mji huo wa Bonde la Kilombero. Kwa miongo kadhaa kilikuwa kituo cha Waswisi ndani ya Tanganyika na baadaye Tanzania. Mabadiliko yalikuja Waswisi wenyewe, Marcel Tanner akiwa mmoja wao, walipoamua kwamba kituo kiwe cha Watanzania na kiongozwe na Watanzania. Njia waliyochagua ilikuwa kuwasomesha madaktari na wanasayansi vijana shahada ya uzamivu Basel, huku utafiti wa tasnifu zao ukifanyika Kilombero.

Mmoja wao alikuwa Salim Abdulla, daktari aliyesoma Dar es Salaam. Tasnifu yake ilitokana na mradi wa vyandarua uliotekelezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia mwaka 1996. Wakati huo majaribio katika nchi kadhaa yalikuwa yameonyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa huokoa watoto vikigawiwa bure na kusimamiwa na watafiti. Swali la Kilombero lilikuwa gumu zaidi: je, vitaokoa watoto vikiuzwa dukani, kwa watu wa kawaida, pasipo mtafiti wa kupita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu amelala chini ya neti? Chandarua na dawa yake vikapewa jina la Zuia Mbu, vikasambazwa kwa wenye maduka vijijini, na wajawazito na kina mama wenye watoto wadogo wakapewa hati za kupunguziwa bei.

Majibu yalitoka mwaka 2001. Ripoti iliyochapishwa katika The Lancet ilionyesha kwamba uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia vyandarua vilivyotiwa dawa. Ripoti nyingine iliyoongozwa na Abdulla, katika British Medical Journal, ilionyesha kupungua kwa upungufu wa damu na vimelea vya malaria kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Serikali haikuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 2004 ilianza mpango wa Hati Punguzo, na vocha zilizojaribiwa Kilombero zikaanza kutolewa kwa wajawazito katika kliniki za nchi nzima.

Abdulla aliendelea. Mwaka 2008 aliongoza ripoti ya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wachanga huko Bagamoyo, katika New England Journal of Medicine, na baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi ya Ifakara. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Ukiifuata njia hii kinyumenyume, kutoka pendekezo la mwaka 2021 hadi vocha hadi duka la kijijini, unakutana na mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akisafiri kati ya Basel na Ifakara.

Kilichoufanya ufadhili wa Basel uzae ni kwamba mwanafunzi hakutolewa katika mazingira yake. Kozi na usimamizi vilikuwa Uswisi, takwimu zilikuwa Kilombero, na kituo cha kurudi kilikuwa wazi, kikikua pamoja naye. Wasweden walitumia mtindo unaofanana na huo kwa Muhimbili na vyuo vingine, wakauita mafunzo ya sandwichi: mwanafunzi hukaa miezi michache Ulaya, hurudi kukusanya takwimu, kisha huenda tena kuchambua na kuandika. Shahada huchukua muda mrefu kidogo, lakini mhadhiri habanduki kazini kwake, wala familia yake haikai miaka minne bila kumwona.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika utafiti wa afya barani Afrika, kwa muda mrefu mgeni alikuja, akachukua sampuli za damu na majibu ya madodoso, akaondoka, na mwenyeji akabaki na maradhi yake. Mhadhiri wa chuo cha hapa aliitwa kukusanya takwimu, akalipwa posho ya siku za uwandani, na jina lake likawekwa katikati ya orodha ndefu ya waandishi, au likaachwa kabisa. Watafiti huuita utafiti wa helikopta. Ufadhili wa mtu mmojammoja haukutosha kuutibu ugonjwa huu, kwa sababu mhadhiri mmoja aliyefuzu, akirudi peke yake katika idara isiyo na fedha, mara nyingi huishia kuwa mkusanyaji takwimu mwenye shahada kubwa zaidi.

Jibu lililokwenda mbali lilitoka Nairobi na Johannesburg. Mwaka 2008 kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC, chini ya uongozi wa mtaalamu wa demografia kutoka Nigeria, Alex Ezeh, kiliungana na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako Sharon Fonn alikuwa mshirika wake mkuu, kuunda umoja wa mafunzo ya juu ya utafiti unaojulikana kama CARTA. Ndani yake waliingia vyuo vya Nairobi, Moi, Makerere, Dar es Salaam, Rwanda, Malawi, Ibadan na Obafemi Awolowo, pamoja na taasisi za utafiti kama Ifakara. Vyuo vya Ulaya na Amerika navyo vimo, lakini kwa nafasi ya washirika. Mhadhiri husajiliwa kwa shahada ya uzamivu katika chuo cha Afrika.

Anayeomba lazima awe mwajiriwa wa chuo mwanachama. Kila kundi, la watu wapatao 25, hukutana mara nne katika kipindi cha masomo, kila mara kwa wiki kadhaa. Mkutano wa kwanza unahusu fikra na andiko la utafiti. Wa pili uchambuzi wa takwimu na maelezo. Wa tatu uandishi wa tasnifu na makala. Wa nne maisha baada ya shahada, yaani kuomba fedha, kusimamia wanafunzi na kuongoza idara. Muuguzi huketi na mwanasosholojia, mtaalamu wa demografia na daktari, na kila mmoja hulazimika kuitetea kazi yake mbele ya watu wasiotumia lugha ya fani yake. Wanaoitambua afya ya jamii kwa undani watakubali kwamba hivyo ndivyo matatizo yenyewe yalivyo: kipindupindu ni bakteria, na pia ni bomba la maji, bei ya nyumba na maamuzi ya halmashauri.

Wabunifu wa CARTA waliona pia kwamba mhadhiri hafanyi utafiti peke yake. Ofisi ya fedha isipojua kanuni za mfadhili, hela hukaa benki huku msimu wa mvua uliokusudiwa kuchunguzwa ukipita. Mkutubi asipojua namna ya kufungua majarida, mwanafunzi huandika mapitio ya maandiko kwa makala za zamani. Kwa hiyo wakutubi, wahasibu, wasajili na wasimamizi wa tasnifu nao waliletwa darasani. Zaidi ya wahadhiri 200 wamekwisha kuingia katika mpango huo, na wengi wa waliohitimu wanafundisha katika vyuo vilevile vilivyowatuma.

Kipengele kimoja kinastahili kuigwa na kila mfadhili. Umri wa juu wa kuomba uliwekwa miaka 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake, kwa kutambua kwamba miaka ya kuzaa na kulea ndiyo miaka ambayo mtafiti kijana hutakiwa kupiga hatua. Mama mwenye mtoto mchanga amewezeshwa kwenda mkutanoni na mtoto pamoja na mlezi wake. Gharama hiyo ni ndogo katika bajeti ya mradi, na pasipo nayo mwanamke angelazimika kuchagua kati ya shahada na kunyonyesha.

Robo tatu ya muda

Ukimuuliza mhadhiri msaidizi wa afya ya jamii anakosa nini ili afanye utafiti, atataja fedha, lakini mara nyingi ataanza na muda. Madarasa ya mwaka wa kwanza yamejaa kupita uwezo wa ukumbi. Kuna mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wa kuwapeleka vijijini kwa mafunzo ya vitendo, vikao vya kamati, na wagonjwa kama yeye ni tabibu. Mshahara usipotosha, jioni na mwisho wa juma huenda kwenye kazi za ushauri elekezi kwa mashirika, ambazo hulipa haraka na kuzaa ripoti zinazofungiwa kabatini. Lakini anapoomba kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi, anahesabiwa machapisho.

Hapa ndipo tuzo ya Fogarty iitwayo K43, iliyobuniwa kwa watafiti chipukizi wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ilipogusa kidonda chenyewe. Huweza kudumu hadi miaka mitano, na humtaka mhadhiri atumie angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi katika utafiti na mafunzo. Sehemu ya mshahara wake hulipwa na tuzo. Anapaswa kuwa na walezi wa kitaaluma pande zote mbili, nyumbani na Marekani, na mkuu wa taasisi yake huandika barua ya kuahidi kwamba muda huo utalindwa.

Barua hiyo ni rahisi kuandika na ngumu kutekeleza. Idara yenye wahadhiri sita, ikimwachia mmoja robo tatu ya wiki yake, lazima igawe vipindi vyake kwa watano waliobaki, na watano hao wana mizigo yao. Pasipo utaratibu wa kuajiri mwalimu wa muda kwa fedha za mshahara uliookolewa, ahadi huvunjwa polepole: kipindi kimoja cha dharura, kisha kamati moja, kisha usimamizi wa mitihani, na kufikia mwaka wa pili mtafiti anaandika makala zake usiku. Chuo kinachotaka kunufaika na tuzo za namna hii kinapaswa kulipanga jambo hili kwa maandishi kabla ya mhadhiri kubonyeza kitufe cha kutuma maombi.

Tatizo jingine linahusu gharama za uendeshaji. Kwa muda mrefu kanuni za taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani zimeruhusu chuo cha nje ya nchi hiyo kuongeza asilimia 8 tu ya gharama za utafiti kwa ajili ya umeme, uhasibu na ofisi. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani vimekuwa vikipata zaidi ya asilimia 50 kwa makubaliano maalumu. Kwa hiyo kazi ileile ikifanyika Moshi huijenga ofisi ya utafiti ya Moshi kwa kiasi kidogo sana kuliko ambavyo ingeijenga ya chuo cha Baltimore. Ikumbukwe kwamba ofisi imara ya utafiti ndiyo inayomwezesha mhadhiri wa kesho kuomba ufadhili kwa jina la chuo chake mwenyewe.

Baada ya ndege kutua

Serikali ya Marekani ina sheria inayowataka baadhi ya wanaoingia kwa viza ya kubadilishana, inayoitwa J-1, hasa waliolipiwa na serikali, warudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Sheria inaweza kumrudisha mtu. Kumbakisha ni kazi nyingine, na hiyo hutegemea anachokikuta.

David Serwadda alikuta kazi iliyokuwa ikimngoja, maana aliianza kabla ya kuondoka. Mwaka 1985 alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala ya The Lancet iliyoueleza ulimwengu kuhusu ugonjwa wa kukonda uliokuwa ukiwaua watu kusini mwa Uganda na uhusiano wake na virusi vya UKIMWI. Baadaye alisoma afya ya jamii Johns Hopkins, lakini uwanja wake wa utafiti ulibaki Rakai, hukohuko kusini mwa Uganda. Huko, wanaume 4,996 walishiriki katika jaribio la tohara lililosimamishwa kabla ya wakati Desemba 2006, kwa sababu faida ilikuwa imedhihirika: tohara ilipunguza maambukizi kwa mwanamume kwa zaidi ya nusu. Jaribio jingine lilikuwa limefanyika Kisumu kwa wanaume 2,784, na miongoni mwa waliolifanya alikuwamo Kawango Agot, Mkenya aliyepata uzamivu wake Seattle. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara iwe sehemu ya kinga. Serwadda aliongoza skuli ya afya ya jamii ya Makerere, na vijana waliofuata wakapata Kampala mafunzo ambayo yeye aliyafuata Baltimore.

Wengi hawakukuta Rakai ikiwasubiri. Hurudi na ujuzi wa kuchambua vinasaba katika maabara isiyo na vitendanishi, au hurudi na programu ya takwimu ambayo leseni yake imekwisha. Fogarty yenyewe ililitambua pengo hili, na mapema katika miaka ya 2000 ikaanza kutoa fedha ndogo za kuanzia kwa watafiti waliorejea makwao. Mwaka 2010 ulikuja mpango mkubwa zaidi wa kuimarisha elimu ya udaktari barani, wa dola milioni 130, uliotoa fedha moja kwa moja kwa vyuo vya Afrika, vikiwemo Nairobi, Makerere na chuo cha KCMC cha Moshi. Fedha zikashikwa na chuo cha huku, nacho kikachagua mshirika wa ng'ambo. Baadaye Fogarty ikaongeza tuzo za mafunzo ya utafiti mahususi kwa walimu wachanga wa vyuo vilivyokuwa katika mpango huo.

Nani atalipa

Mwaka 2025 ulionyesha jinsi jengo hili lilivyotegemea nguzo moja. Tarehe 1 Mei taasisi za afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa tena, kwa utaratibu uliozoeleka, fedha za utafiti zinazopitia chuo cha Marekani kwenda kwa mshirika wa nje. Mwezi huohuo, pendekezo la bajeti ya serikali ya nchi hiyo kwa mwaka wa fedha 2026 lilitaka Fogarty International Center ifutwe. Pendekezo kama hilo liliwahi kutolewa mwaka 2017, na Bunge likalikataa. Kwa mhadhiri wa Eldoret au Mbeya, haya yalimaanisha kwamba hatima ya shahada yake ilikuwa ikijadiliwa mahali asipokuwa na mbunge wala kura.

Wafadhili wengine wapo. Ulaya na Afrika zimekuwa na ushirikiano wa majaribio ya tiba, EDCTP, tangu mwaka 2003, wenye tuzo za watafiti chipukizi na waandamizi. Ujerumani, Uingereza na Sweden wana mipango yao. Mwaka 2021 ilianzishwa Nairobi taasisi ya Science for Africa Foundation, inayogawa fedha za utafiti kwa maamuzi yanayofanywa barani. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo bado hutoka nje.

Nyumbani, ahadi zipo kwenye karatasi. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi, ikataja asilimia 2 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Mgao halisi haujawahi kukikaribia kiwango hicho. Tanzania ina tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na mfuko wake wa MTUSATE, na tangu mwaka 2021 imekuwa ikitekeleza mradi wa elimu ya juu wa HEET kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao pamoja na majengo unasomesha wahadhiri wa vyuo vya umma shahada za uzamili na uzamivu. Mkopo huo utalipwa na Watanzania. Kwa hiyo wana kila haki ya kuuliza mhadhiri aliyesomeshwa atafanya utafiti gani, kwa bajeti ipi, siku atakaporipoti kazini.

Swali hilo linaweza kujibiwa mapema, kwenye kikao cha idara kinachopitisha jina la mwombaji. Kikao kinaweza kumtaka aeleze tatizo la afya la mkoa au kaunti analotaka kulichunguza, na ni ofisa gani wa wizara au halmashauri anayelihitaji jibu lake. Kinaweza kuandika ni nani atafundisha vipindi vyake na atalipwa kutoka fungu gani. Kinaweza kutenga kabla hajaondoka kiasi cha kuanzia, hata kama ni cha kutosha kulipia madodoso na nauli za wasaidizi wawili kwa msimu mmoja tu, pamoja na dawati na wanafunzi wa uzamili wa kuwasimamia. Kinaweza kukubaliana na chuo cha ng'ambo, kwa maandishi, kwamba takwimu na sampuli zitahifadhiwa wapi na nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Vyote hivi viko ndani ya mamlaka ya mkuu wa idara, mkuu wa skuli na makamu mkuu wa chuo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kura ya Bunge la Washington.